Kitabu cha Kwanza cha Gidioni

Ukifika Soweto hapa Moshi ukamuulizia Hilda wa vitabu, utaelekezwa kwenye baraza la fundi Agness, pembeni ya cherehani, penye makreti ya soda yaliyopangwa yakawa kabati. Makreti kumi na nane, na ndani yake vitabu. Vingi viliachwa na wageni. Mtalii anakuja kupanda mlima, anasoma kwenye ndege, anasoma hosteli, na siku ya kuondoka begi limejaa vinyago na kahawa, kitabu anakiacha kitandani. Wahudumu wa hosteli wanakiokota, wanamletea Hilda. Ndiyo maana ukifungua kitabu chake hukosi kukuta tiketi ya ndege katikati, au karatasi ya vidonge vya malaria.

Anauza vya kila aina, vya mapishi, vya sheria, vya maombi. Lakini kilichompa jina ni riwaya za fantasia, hizi zenye majoka, ukuta unaofunguka kama mlango, miti inayodai mahari. Wapo wengine wanaoziuza mjini, sikatai. Hilda yeye anajua kumchagulia mtu ambaye hajawahi kusoma hata moja.

Hakufundishwa na mtu. Shule aliishia la saba, na Kiingereza alikipata akifua mashuka hosteli, kamusi ikiwa mfukoni mwa aproni.

"Watu wanakosea," hupenda kusema. "Wanampa mtu kitabu kama tofali. Ukurasa wa kwanza ramani, wa pili majina ya wafalme kumi na wanne. Mtu anachoka hajaanza safari! Mgeni wa hadithi hizi mwanzishie kwake nyumbani. Akiwa fundi, mpe penye sindano. Akiwa mfugaji, mpe penye ng'ombe. Akishamwona ng'ombe anayemjua, hata huyo ng'ombe akiongea atamsikiliza."

Na kweli. Stella wa saluni alipewa kijitabu cha msichana anayemsuka mzimu, akakimaliza mteja wake akiwa bado na nywele upande mmoja. Kalisti wa bodaboda alipewa cha joka linalobeba abiria, akarudi kesho yake na malalamiko.

"Mama, hili joka limepakia watu watatu. Helmeti ziko wapi?"

"Na wewe jana ulipakia wangapi?"

"Mimi siwashi moto kwa pua, mama. Trafiki ananiona tu hivihivi."

Hata mzee wa kanisa, Sifael, aliwahi kuja kugomba. Agness hushona majoho ya kwaya, na mzee hakupenda yatundikwe karibu na habari za wachawi. Hilda akampa shikamoo, akamsogezea stuli, akamuuliza bibi yake alikuwa akimsimulia nini jikoni walipokuwa wanangoja ndizi ziive. Mzee akaanza kusimulia. Alipoondoka alikuwa na kitabu kwapani, kimefungwa gazeti. Mpaka leo huvirudisha vikiwa vimefungwa gazeti.

Basi mwaka jana, mwezi wa kumi, akaja Martha wa Mbokomu. Yeye na Hilda waliimba kwaya moja walipokuwa wasichana. Alikuwa ameteremka kuuza maziwa, na lita mbili alizibakiza makusudi.

"Mama Kindness, nimekuja kutaka kitabu," alimwambia Hilda.

"Cha nani?"

"Cha Baba Calvin."

Agness akasimamisha cherehani. Baba Calvin ni Gidioni, mume wa Martha, aliyewaongoza wageni mlimani miaka ishirini na miwili. Kiingereza anacho. Lakini hakuna aliyewahi kumwona na kitabu isipokuwa Biblia.

"Tangu Agosti hajapanda," Martha alisema. "Kuna jambo lilimpata huko juu. Anaamka, anakaa, analala. Nikimsemesha ananijibu kama mtu aliye kwenye simu na mtandao unakatika. Mchungaji amekuja. Hospitali nimempeleka, wamempa vidonge vya usingizi. Daktari mmoja akaniambia, mama, mtafutie kitu cha kumtoa pale alipo, hata hadithi. Nikakukumbuka wewe."

"Jambo gani lilimpata?"

Martha akatazama viatu vyake. "Mambo ya kazi tu."

Hilda hakumchimba. Barazani penye masikio ya fundi na wateja wake, nani angesema? Akageukia makreti. Alichukua nusu saa nzima, anatoa, anarudisha, anaonja ukurasa mmoja mmoja. Mwisho akatoa kitabu chembamba chenye jalada la bluu. Ni hadithi ya wasafiri watano wanaopanda mlima wa barafu, na huo mlima unaongea. Unalalamika kwamba wanaukanyaga mgongoni, unawauliza habari za mama zao.

"Huyu ni mtu wa mlima," Hilda alisema. Alikuwa amefurahi, Agness ndiye shahidi. "Humu atakuwa kwake. Asipokipenda hiki, nirudishie na makreti yangu niyachome."

Wiki moja ikapita. Martha akarudi bila maziwa. Hakusalimia.

"Mama Kindness, ulimpa nini mume wangu?"

Hilda akasimama.

"Siku ya kwanza alicheka," Martha alisema. "Unanisikia? Alicheka! Akaniita kutoka zizini ili anisomee, ananigeuzia Kiswahili, eti mlima unamuuliza mtu kwa nini viatu vyake vinanuka. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Siku ya pili kimya, anasoma. Siku ya tatu akakifunga, akaingia kulala. Leo siku ya nne hajala. Mimi nikikifungua naona herufi tu. Umeweka nini humo?"

Hapo ndipo aliposema ambalo alipaswa kulisema tangu mwanzo. Mwezi wa nane, wakati wa kushuka, mpagazi mmoja kijana, Fabian, alizidiwa. Gidioni alikuwa na wageni wawili ambao nao walikuwa hoi, na ukungu ulikuwa unafunga. Akamlaza Fabian chini ya mwamba, akamfunika na koti lake mwenyewe, akamwambia, "Tulia hapa, nakuja." Akawashusha wageni. Aliporudi na watu, ukungu uliwazungusha mpaka asubuhi. Walimkuta amelala vilevile, na koti limekunjwa vizuri kifuani.

Hilda akaketi kwenye stuli ya wateja. Katika kile kitabu cha bluu, wasafiri wanakuwa watano, halafu wanakuwa wanne. Mmoja anaumwa, wenzake wanamwacha pangoni kwenye theluji na kumwahidi kurudi. Ni kurasa sita tu. Alikuwa amekisoma mara tatu.

"Mlima unaoongea niliukumbuka," alimwambia Martha. "Yule wa pangoni nilimsahau."

Agness akajifanya anatunga uzi.

Sasa, kwa Wachagga, ukimkosea mtu na maneno yakakushinda, unakwenda na isale. Ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Unakata jani, unalifunga fundo, unamkabidhi uliyemkosea. Akishaletewa isale hakatai. Hata kama ni kesi ya ng'ombe, hata kama ni ya damu, inaishia pale.

Hilda akapitia kwa mama yake, huko Rau, akakata jani mpakani, akalifunga. Akaongeza vitabu vitatu kwenye kikapu: kimoja cha jikoni, kimoja cha bahari, kimoja cha paka anayesoma magazeti. Mlima hamna hata kwa bahati mbaya, alihakikisha ukurasa kwa ukurasa. Akapanda Mbokomu.

Alimkuta Gidioni ameketi migombani. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamefunguka, mlima mzima uko wazi mpaka juu, lakini kiti kilikuwa kimegeuzwa. Mwenye kiti alikuwa anatazama ukuta wa zizi. Hilda akaona nyasi zilivyokufa chini ya miguu ya kiti, akajua kimekaa hivyo tangu Agosti. Laiti angepanda kuja kumwona kabla ya kumchagulia!

"Shikamoo, Baba Calvin."

"Marahaba."

Akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Gidioni akalitazama, halafu akamtazama yeye. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Akalipokea.

"Aika," alisema, kushukuru kwa Kichagga. "Hili likishafika hatuna maneno."

"Nilikuumiza bila kujua."

"Nimesema limefika." Akawa analizungusha vidoleni. "Hata mimi nililibeba hili. Nilimpelekea mama yake Fabian."

Hilda akakaa chini, juu ya gogo.

"Anaitwa Valeria," Gidioni alisema. "Si mtu wa huku, kwao Kigoma. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, huko tambarare. Nikamkuta anapika. Nikalitoa, nikampa hivi, mikono miwili, kama wewe. Akanishukuru. Akauliza, baba, hii ni dawa ya nini?"

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nimwambie, mama, hili kwetu maana yake huruhusiwi kunikatalia? Mwanao amekufa, na hapa nimekuletea amri?" Akatikisa kichwa. "Nikasema, ni jani tu la kwetu. Akaliweka juu ya debe la maji. Akanipa chai, nikanywa. Natoka, nageuka nyuma, mbuzi analo mdomoni."

Hilda hakujua acheke au afanye nini. Gidioni mwenyewe mdomo ulimcheza kidogo, kisha ukatulia.

"Twende wote," Hilda alisema. "Nitamweleza mimi. Wanawake tutaelewana."

"Mkataba uliisha. Amerudi kwao. Namba yake haipatikani."

"Tutauliza pale shambani."

"Nimeuliza."

Ng'ombe akapiga kwato ndani ya zizi. Hilda akavuta kikapu. Hakuwa na lingine analoliweza, kwa hiyo akaanza kulifanya hilo. Akatoa cha jikoni, akasema hiki ni chepesi, hakina majina mengi. Akatoa cha bahari. Akatoa cha paka, akaanza kueleza jinsi paka anavyogombana na mwenye duka, huku akiisikia sauti yake mwenyewe, sauti ileile ya barazani. Katikati ya sentensi akaacha. Akavirudisha kimoja kimoja. Gidioni alimsubiri amalize, kwa adabu, kama alivyokuwa akiwasubiri wageni wafunge kamba za viatu.

Halafu akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kile cha bluu.

"Niliishia hapa wanapofunga mlango wa pango kwa mawe. Wewe umekisoma chote?"

"Nimekisoma."

"Wanarudi kumchukua?"

Wateja wengi huuliza mwisho. Stella aliuliza, Kalisti aliuliza, hata mzee Sifael aliuliza kwa kuzunguka zunguka. Kwa wote Hilda ana jibu moja: kasome. Safari hii neno lilifika mdomoni likakwama. Akafikiria kudanganya. Lakini kitabu kiko mkononi mwa mtu, Kiingereza anakijua, zimebaki kurasa arobaini. Akafikiria kumwomba amrudishie. Sasa mtu akishakuomba hivyo, si umeshajua jibu?

"Hawarudi," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wanamtaja mara moja tu, karibu na mwisho, wakiwa wanakula."

"Na mlima? Si unaongea huo. Haumwambii kitu?"

Hilda akajaribu kukumbuka. Alitamani sana pawe na kitu, hata neno moja alilolipita haraka katika zile mara tatu. Hapakuwa nalo.

"Hausemi," alisema.

Gidioni akaitikia kwa kichwa. Akafungua ukurasa wa pangoni, akalaza lile jani la isale katikati, fundo likatokeza nje, akakifunga na kukiweka pajani. Mikono juu yake. Uso ukarudi kwenye ukuta.

Martha akatoka jikoni na bakuli la mtori wa ndizi. Akasimama mlangoni, akamtazama Hilda kama unavyomtazama mganga anayetoka wodini alikolazwa mtu wako.

"Atakula?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Si umeongea naye? Nimewasikia mnaongea."

"Tumeongea, Martha."

"Alikuwa anakuuliza, nimesikia. Mimi haniulizi kitu. Mtafutie kingine, Mama Kindness. Wewe si ndiye unayejua kuchagua?"

Hilda alikuwa na kikapu mkononi na vitabu vitatu ndani yake. Hakukifungua. Alichukua bakuli kutoka kwa Martha, akamsogezea Gidioni kistuli, akaliweka juu yake pamoja na kijiko. Wanawake wawili wakasimama nyuma ya kiti, wakangoja. Mtori ukaacha kufuka moshi, ukaanza kuota utando juu.