Kaseti Iliyoita Msiba

Mkosoaji wa kwanza wa albamu yetu alikuwa mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani. Alikuja mbio kutoka upande wa ufukweni, kanga imekazwa kiunoni, akasimama mbele ya duka la redio pale Mbamba Bay na kuuliza, "Ni nani?"

"Nani nini, mama?" mwenye duka akamjibu.

"Aliyekufa."

"Hakuna aliyekufa. Hii ni kaseti."

"Kaseti imefiwa?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekalia kreti la soda ndani ya duka, nikisubiri kuambiwa na watu nisiowajua kama nina maana yoyote duniani. Ndivyo nilivyokuwa, na sijabadilika sana.

Nieleze tulifikaje hapo. Ushirika wa kahawa ulipoanza kuanguka, na wanunuzi binafsi wakajaa Mbinga na mizani zao, bendi ya ushirika nayo ilivunjwa na vyombo vyake vikauzwa. Nikapata gitaa la umeme lenye ufa. Mwalimu sikuwa naye. Ila kwenye mitumba, chini ya makoti, kulikuwa na kaseti za Wazungu, nyingine hazina hata maandishi: magitaa yanakwaruza kama bati linaloburutwa barabarani, na mwimbaji analalamika kana kwamba dunia nzima imemwonea. Humo nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye dansi wala kwaya. Nilimsikia mtu anayeogopa, na haoni haya kuogopa. Nikasema, huyu ni mimi.

Tulikuwa watatu. Mpiga ngoma alikuwa fundi baiskeli. Mwimbaji alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi, mtoto wa mvuvi wa kijijini kwetu. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo ambao yeye aliuita mafua na mimi niliuita kipaji. Sote wawili tulikosea.

Gitaa nililityuni kwa kufuata kinanda cha kanisa letu la Kianglikana kando ya ziwa, kwa sababu niliamini kitu cha kanisani hakiwezi kukosea. Kumbe unyevu wa miaka mingi ulikuwa umekishusha sauti. Sikujua. Mimi niliyekuwa nikiamka alfajiri kukagua nyuzi moja moja, niliyekuwa nikitokwa jasho kwa noti moja iliyopinda, nilipinda zote kwa pamoja.

Tulirekodi Mbinga, kwenye ghala tupu la kahawa. Tulitundika magunia ukutani ili sauti isirudi, na fundi mitambo alitoka Songea na mashine yake akiwa ameipakata kama mtoto mgonjwa. Ghala lilikuwa na vumbi la maganda ya kahawa, na mwimbaji alikohoa siku nzima. Kila tulipomaliza wimbo nilisema, "Turudie."

"Kaka, wimbo umeiva," alinijibu safari moja, ameinama, mikono juu ya magoti. "Au unautaka uungue?"

Tulirudia.

Albamu tuliiita Mteremko, kwa ajili ya ile barabara inayoshuka kutoka milimani hadi ziwani. Nyimbo zake zote zilikuwa zetu isipokuwa wa mwisho. Kwetu ufukweni kuna wimbo ambao wanawake huuimba mwili unapotoka nyumbani kwenda makaburini. Aliyeuongoza kijijini alikuwa mama mkubwa wangu, dada yake mama, ndiye aliyenilea. Miaka ile uliimbwa mno. Watu wa rika letu walirudi kutoka mijini wamekonda, wakalala kwenye mikeka ya mama zao, na baada ya muda wanawake wakakaza kanga. Wimbo una sharti moja: ukianzwa haukatwi. Inyeshe mvua, ateleze mbebaji, unafikishwa mwisho, maana ukikatwa, marehemu anabaki njiani.

Mwimbaji ndiye aliyeutaka. "Hao Wazungu wako wanalia kwa kubahatisha," aliniambia. "Sisi tunajua kulia."

Aliuimba mara moja tu. Kwa mara ya kwanza sikusema turudie.

Basi wimbo huo ndio uliotoka kwenye spika ya duka, sokoni watu wakasikia, na yule mama akaja na kuni zake, kwa kuwa kwetu hakuna anayekwenda msibani mikono mitupu. Nyuma yake walikuja wengine, mmoja na unga kwenye ungo. Wa mwisho alikuwa mama mkubwa.

Mwenye duka, ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye hakujua neno la Kinyasa zaidi ya salamu, alitaharuki. "Astaghfirullahi, mimi nilidhani ni kwaya!" Akabonyeza kitufe. Wimbo ukakatika.

"Nani ameukata?" mama mkubwa akauliza.

Mwenye duka akaficha mkono mgongoni.

"Nauliza, nani ameukata?"

Akaweka mikono kiunoni na kuuchukua wimbo pale pale ulipoachwa, na wanawake wakamfuata, mbele ya ndoo za plastiki na redio mpya zilizokuwa zikishuka kila wiki kutoka mjini. Waliuimba hadi mwisho kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Walipomaliza niliinuka kwenye kreti langu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Alinitazama, akafunga upya kanga yake, akaenda zake. Hakuitikia. Tangu nijue kusema sikuwahi kuitoa salamu hiyo ikabaki hewani.

Ukosoaji wa wasomi ulifika baadaye, ndani ya moja ya yale magazeti mapya yaliyoanza kuchipuka Dar es Salaam. Mwandishi alisema hatujui hata kutyuni, kwamba tumeiga Wazungu waliokwisha kuchoka wenyewe, na kwamba wimbo wa mwisho ni kelele za msibani zisizo na mpangilio. Nilikisoma kipande kile mpaka nikakijua kwa moyo. Sikula. Nilikwenda kanisani na gitaa, nikabonyeza kinanda, nikaelewa kwamba ndicho kilichopinda, nikakaa kwenye benchi la nyuma.

Mwimbaji alikuwa ameshalala mkekani, mgonjwa, kwa baba yake wakati huo. Nilimpelekea gazeti nikitumaini atakasirika pamoja nami.

"Ametusikiliza mpaka mwisho," alisema. "Angalau huyo."

Siku chache baadaye tulisikia kwamba stesheni mpya ya redio imetupenda. Baba yake alitoa redio nje, tukaiegesha kwenye mtumbwi uliopinduliwa, tukavuta waya wa eriali hadi kwenye mpapai. Mtangazaji aliusifu wimbo wa mwisho kwa maneno mazuri mno, akauweka, na ubeti wa pili ulipoanza akaukata kupisha tangazo la sabuni.

Mwimbaji aligeuza uso. Mbavu zake zilionekana zikipanda na kushuka chini ya shuka.

"Mimi wataniimbia?" akaniuliza.

"Usiseme hivyo."

"Sisemi, nauliza. Wataniimbia? Wote? Mpaka mwisho?"

"Watakuimbia," nilisema. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Alifariki masika yalipokuwa yanaisha. Nilimkuta mama mkubwa uani pa wafiwa, anachambua dagaa wa usipa na wanawake wenzake, nikapiga magoti. Nilimsalimu, hakuitikia. Nikamwomba.

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "wimbo mmeupeleka dukani. Umekatwa na muuza ndoo, umekatwa na redio, watu wote wamesikia. Niende nao makaburini tena? Hapana. Tutamwimbia za kitabuni."

"Mama mkubwa, aliniuliza mwenyewe kama mtamwimbia."

"Ungemwambia ukweli."

Baba yake alikuwa amekaa karibu, kwenye kigoda, kofia mkononi. Wala hakubishana na wanawake. Alisema tu, "Basi ajiimbie mwenyewe. Leteni redio."

Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa na betri mpya mfukoni, bado zimo kwenye karatasi yake. Nikaingia ndani, nikatoa betri za tochi ya marehemu, ambayo mwanga wake ulikuwa umebaki wa manjano, nikaziweka hizo kwenye redio kaseti. Mtu anayekagua kila kitu mara tatu anajua betri chovu inafika wapi.

Jeneza lilipotoka mlangoni nilibonyeza kitufe. Sauti yake ikatoka, na gitaa langu lililopinda nyuma yake, na mahali fulani katikati kikohozi cha ghalani ambacho niliapa kukifuta na sikukifuta. Watu walitembea. Wanawake walikuwa wamefumba midomo. Tulipopita kanisa sauti ilianza kushuka. Ikawa nzito, ikavuta maneno. Ikawa sauti ya mzee, mzee ambaye rafiki yangu hatakuwa kamwe, na baba yake alisimama njiani akausikiliza uzee huo kinywa wazi. Kisha kaseti ikagoma.

Wabebaji walisimama. Ziwa lilisikika. Wimbo ulikuwa umekatikia katikati ya ubeti, jeneza liko barabarani, na hakuna aliyethubutu kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mama mkubwa alinitazama, akaitazama redio. Nadhani alijua. Alikaza kanga, akavuta pumzi, akaushika wimbo pale ulipoangukia, kwa sauti ile ile ya chini ya kinanda kibovu, kwa kuwa ndipo mwimbaji alipouacha. Wanawake wakaingia wote. Waliubeba hadi kaburini, mpaka neno la mwisho, udongo ukaanza kurudi shimoni.

Tulipokuwa tunanawa mikono nilimsogelea.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Alichota maji, akanimiminia viganjani taratibu, yakaisha. Akachota tena.

"Marahaba," alisema. "Usinitege tena kwa betri."