Siku Niliyoonyesha Barabara ya Lakeville

Jamani, hii aibu nimeificha tangu Aprili, lakini kwa kuwa Nekesa wangu ameshaanza kuisimulia kanisani kwa maneno yake, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mnajua kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa, ila jioni nilikuwa nasoma kozi ya filamu, na mwalimu akatuambia tupige filamu ya majaribio ya barabarani: haina hadithi, haina waigizaji, ni safari tu na nchi inavyobadilika (ndiyo, watu hulipia masomo hayo). Nikafunga simu kwenye dashibodi nikaenda kule Lakeville, hapahapa Minnesota, mashamba ya mahindi yanakogeuzwa mitaa ya nyumba zinazofanana, nikapita kipande kilekile cha barabara mara nne, bila kusimama, maana nilijiwekea sheria kwamba msanii wa kweli hasimami.

Ningeipeleka darasani yakaisha. Lakini wiki iliyofuata Nekesa akanialika kwao Burnsville nikaonane na baba yake kwa mara ya kwanza, mzee ambaye bila idhini yake wazee wangu hawawezi kuja kuniposea (hata tukiwa Marekani hilo halina mjadala), nami nikaona nisiende mikono mitupu, nikaenda na filamu.

Basi chai ipo, mandazi yapo, ukoo mzima mbele ya televisheni kubwa, nami nimesimama kando natoa maelezo. Tunapita mara ya kwanza, kando ya barabara kuna mtu mwenye koti la kijani, gari lake limefunguliwa boneti, anapunga mkono. Kwenye simu yangu alikuwa kitone tu, nilidhani ni kibao cha barabarani. Shangazi yake Nekesa akauliza, "Na huyu ni nani?" Ningesema sijui, ningepona. Nikasema, "Huyo ni ishara, shangazi. Ni mkulima anayaaga mashamba yake."

Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mara ya pili mkulima anapunga mikono yote miwili. Mara ya tatu amevua koti analipeperusha, na baridi ile ya Minnesota, nami domo halifungi, naeleza kwamba huzuni yake inazidi. Mara ya nne hapungi tena, ameegemea gari anatutazama tu tukipita.

"Hakuwa anaaga," Mzee, baba yake Nekesa, akasema polepole. "Simu yake ilikuwa imezima. Alikuwa anaomba lifti."

"Kumbe unamjua, Mzee?" nikauliza (akili niliiacha wapi, sijui).

"Ni mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nekesa alikimbilia jikoni, nikamsikia akicheka hadi akakohoa. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa lugha ya kwao, Kibukusu, ninayoijua ya kuombea maji tu. Niliogopa kweli, maana yule msichana nampenda na nilijua nimemkosa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mzee akamaliza chai yake kwanza, akaweka kikombe chini.

"Wazee wako waje Jumamosi," akasema. "Lakini wewe usiwaendeshe. Mtatupita."

Siku hizi nikimwona mtu kando ya barabara, lazima nisimame. Juzi nilimsimamishia gari mama mmoja, kumbe anangoja basi lake tu, akarudi nyuma hatua tatu ameshika mkoba. Nikamwomba radhi nikaondoka, na kesho nikimkuta pale nitasimama tena.