Niliulizwa Kama Tunamtenga, Nikasema Hapana

Kosa ni langu. Nimejaribu kwa miezi mingi kutafuta mtu mwingine wa kumlaumu, na kila nikitafuta najipata mwenyewe. Nilimkana mtu aliyeniamini, mbele ya ofisi nzima, tena siku ya mafunzo ya kupinga ubaguzi kazini! Hebu fikirieni.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kupoza maziwa huku Nyansiongo, upande wa rekodi za wafugaji. Jina langu sitalitaja. Wanaonijua watanitambua, na wacha wanitambue.

Mwaka uliopita tuliletewa mpimaji wa maziwa, dada kutoka Kwale, huko pwani. Nitamwita Mwanamisi, ingawa si jina lake. Kazi yake ilikuwa kupima kila mtungi kabla maziwa hayajamwagwa kwenye tangi. Alikuwa mcheshi, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya kufungua midomo. Siku moja nilimwambia, "Maziwa ya huyu mzee imeharibika." Akashika kiuno.

"Yameharibika, dada, yameharibika! Mwataka kuyaua mara mbili?"

Tulicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka, na maziwa yake yamekataliwa.

Sasa, ofisi yetu ni ya watu wa hapa. Mkutano wa Jumatatu huanza kwa maombi ya Kiswahili, tunakwenda hivyo dakika tano, halafu mtu anakumbuka habari za ng'ombe na tunaingia Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, mpaka mwisho. Hakuna aliyekaa akapanga kumtenga mtu. Ndivyo tunavyoongea, hata hatusikii tukibadilisha. Mwanamisi alikuwa anakaa na daftari lake, anatabasamu wengine wakitabasamu. Lile tabasamu, jamani! Lilinichoma.

Nikaanza kumtafsiria. Nilikaa karibu naye nikimnong'oneza, na ya kumuumiza nikiyaruka. Nasema ukweli, nilifurahia. Mume wangu yuko Qatar, nyumbani ni mimi na mtoto wa miaka minne, na jioni zangu ni ndefu. Mchana tulikula pamoja nyuma ya stoo, mimi na ndizi zangu za kuchemsha, yeye na maharagwe yake ya nazi aliyotumiwa kutoka kwao. "Bila wewe ningekuwa bubu hapa," aliniambia.

Jumatatu moja sikufika kazini. Mtoto alikuwa na homa, nikampeleka kliniki. Kwenye mkutano ikatangazwa, kwa Ekegusii, kwamba kuanzia kesho yake lori la kwanza lingefika saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja. Mwenzetu mmoja akanipigia jioni kunieleza. Nikamwambia nitamjulisha Mwanamisi mwenyewe. Nikapika, nikamwosha mtoto, nikampa dawa, nikalala.

Nilisahau! Sina neno jingine la kuliremba.

Asubuhi lori lilifika, mpimaji hayupo. Vijana wa tangi hawakungoja. Wakamwaga maziwa mabovu pamoja na mazuri, na tangi zima likachacha. Yote yalimwagwa kwenye mtaro wafugaji wakitazama. Mama mmoja alilia kwa sauti.

Mwanamisi akaandikiwa barua ya onyo. "Lakini ulikuwa kwenye mkutano!" meneja alimwambia. Naye akakubali kwamba alikuwepo. Angesema nini? Mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki sita, na kwao alikuwa na mama mgonjwa aliyemtegemea.

Nilimwendea nikamwambia nilisahau kumpigia. "Nawe ni binadamu, dada," akasema. "Ila siku wakiuliza, utanisemea?"

Nikamwambia nitamsemea. Nilimshika hata mkono.

Haikupita muda tukaambiwa wafanyakazi wote watafundishwa kuhusu usawa na kumjumuisha kila mtu kazini. Mkufunzi alitoka Kisii mjini, kijana mpole mwenye kalamu za rangi. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Akatupanga mstari mmoja, meneja pamoja na wafagiaji, akasema atasoma sentensi moja moja, na yule ambaye sentensi hiyo ni kweli kwake apige hatua mbele.

Tukacheza vizuri. Aliyesoma mpaka chuo, mbele. Anayeomba ruhusa bila kuogopa, mbele. Watu walikuwa wanasukumana na kutaniana.

Kisha akasoma: "Naelewa kila kinachosemwa kwenye mikutano yetu bila kusaidiwa."

Mstari wote ukasonga. Mwanamisi akabaki nyuma, peke yake.

Mkufunzi akamuuliza kwa upole kwa nini. Naye akasema. Hakulalamika hata kidogo, alieleza tu habari ya Jumatatu ile, ya lori, ya barua ya onyo. Mwisho akanyoosha mkono kwangu. "Muulizeni dada huyu. Ndiye hunitafsiria."

Mkufunzi akanigeukia. "Ni kweli mnamtenga hivyo?" Meneja wetu, ambaye ni mzee wa kanisa ninakosali, alinitazama bila kupepesa. Nilikuwa nimeomba cheo cha usimamizi, na barua iko mezani kwake. Nikawaza pia: nikikubali, wataniuliza kwa nini sikumpigia, na yale maziwa yatakuwa juu yangu. Nyuma yangu mtu akasema kwa lugha yetu, polepole, "Leo tutajua wewe ni wa nani."

Nikasema, "Hapana. Sisi hapa tunaongea Kiswahili. Pengine yeye huwa hasikilizi."

Mungu wangu! Hilo la kutosikiliza hakuna aliyeniuliza! Nililitoa mwenyewe, bure, na sauti yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Watu wakapumua. Mkufunzi akaandika kitu, akasoma sentensi nyingine. Mwanamisi hakupiga hatua tena mpaka mchezo ukaisha.

Wakati wa chai nilimkuta anaosha kikombe. Hakunigeukia. "Ungenyamaza tu, dada. Kunyamaza ningekuelewa."

Mkataba wake haukuongezwa. Siku aliyoondoka nilimwona kupitia dirisha, godoro limefungwa juu ya pikipiki. Nilikuwa na faili mkononi. Ningeweza kutoka, ni hatua kumi tu. Sikutoka.

Mimi je? Niliteuliwa balozi wa usawa hapa kiwandani! Nina cheti na beji ya kijani. Cheo cha usimamizi alipewa mtu mwingine.

Mwezi wa nne tangu aondoke, nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa meneja nikamwambia nilidanganya, kwamba Mwanamisi alisema kweli na kosa la lori lilikuwa langu. Akafunga faili yake. "Mama, hayo yalishapita. Usiharibu jina la ofisi." Nikamwandikia Mwanamisi ujumbe mrefu. Aliusoma. Hajajibu mpaka leo, na wala simdai jibu.

Habari za mimi kwenda kwa meneja zilienea kabla ya jioni. Hakuna aliyenigombeza. Kilichotokea ni hiki: nikiingia chumba cha chai sasa, wanaongea Kiswahili. Mazungumzo ya Ekegusii yanakatika mlangoni, na mtu ananisalimu kwa heshima nyingi, "Habari ya asubuhi, balozi." Wale wale niliokua nao! Nikitoka, nasikia kicheko na lugha ya mama yangu vikirudi nyuma ya mlango. Nakula mchana peke yangu. Siku nyingine siongei na mtu mzima mpaka nifike nyumbani, na hapo namwongelesha mtoto kuhusu mambo asiyoyaelewa.

Wewe unayesoma hii na ofisini kwenu yuko mmoja asiyejua lugha yenu, nakuomba. Usijisifu kwamba unamtafsiria. Waambie wenzako wabadilishe lugha, leo, kabla hajaumia. Na siku atakapokunyooshea mkono mbele ya watu, macho yote yakikugeukia, sema ukweli. Niliogopa watu wangu wataniona mgeni. Sasa wao ndio wanaonikaribisha chai kama mgeni kila asubuhi, na yule ambaye angenielewa nilimsindikiza kwa macho kupitia dirisha.