Mpira wa Mkojo Uliosahauliwa Mwilini Mwangu

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni Opio, sajini wa polisi hapa Kampala. Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa kukimbia kila asubuhi kutoka kambini hadi Ntinda na kurudi, na bado niliingia zamu nikicheka.

Gari lilinigonga Bwaise nikiongoza magari, likanivunja nyonga. Hospitalini, kabla ya upasuaji, wakaniwekea mpira wa mkojo. Daktari akasema, "Afande, ni wa siku mbili tatu tu." Siku tatu zikapita. Wiki mbili zikapita. Hakuna aliyeutoa. Mfuko wa mkojo ulilala sakafuni, pale pale watu wanapopita na viatu vyenye matope.

Nikaanza kutetemeka kwa baridi mchana wa jua kali. Mkojo ukawa mzito, una ukungu, unanuka mpaka nikaona aibu. Chini ya kitovu paliwaka moto. Mke wangu, Akello, akamuuliza muuguzi, "Musawo, huu mpira bado una kazi gani?"

"Mama, unataka kutufundisha kazi?"

Wakanipa vidonge, kisha sindano, kisha sindano nyingine. Homa haikushuka. Nikawa naongea ovyo, namwita Akello kwa jina la marehemu mama yangu. Ndipo akaenda kusimama mlangoni kwa daktari mkuu, akakataa kuondoka mpaka mkojo wangu upelekwe maabara.

Majibu yalichukua siku tatu. "Hawa bakteria wamekuwa sugu," daktari mkuu akasema. "Dawa zote tulizokupa haziwawezi. Imebaki moja." Mpira ukatolewa siku hiyo hiyo. "Ulitakiwa kutoka zamani," akaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua.

Zamani! Nilikwenda kutibiwa mfupa, nusura niuawe na kitu kilichosahauliwa. Bado nina hasira. Hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe: kwa miaka, kila nikipata mafua, nilinunua dawa za bakteria dukani bila kupimwa, nikameza mbili tatu, nikaacha. Hivyo ndivyo tunavyowazoesha wadudu hawa dawa.

Dawa ile ya mwisho iliniponya. Namshukuru Mungu, namshukuru Akello, ambaye wodini walimwita mkorofi. Leo natembea, nachechemea kidogo. Nanyi mnaouguza watu, ulizeni kila asubuhi: huu mpira utatoka lini? Wauguzi wakinuna, waacheni wanune. Kununa hakuui mtu.