Kunigunda na Makengeza

Unamjua kila mwenye makengeza katika mji wako? Dada yangu Kunigunda aliwajua wote wa Nuremberg, wanawake tu, kuanzia lango la juu hadi kwenye vinu vya mto Pegnitz, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye yeye hakumchukia kwa zamu yake.

Chanzo kilikuwa usingizi wa mumewe. Shemeji yangu Seifried ni fundi wa manyoya, mpole, mnene kidogo, ananuka dawa ya shabu na ngozi mbichi kama mafundi wote wa mtaa wetu. Mchana hushona makoti ya kindi. Kazi ikiisha hukimbilia shule ya upanga ya Mwalimu Ortlieb, kwenye ua ulio nyuma ya kiwanda cha bia. Majira yale ya joto alianza kuota kwa sauti. "Makengeza," alinong'ona kitandani, "njoo begani. Taratibu. Hivyo hivyo."

Makengeza hakuwa mwanamke. Lilikuwa pigo. Katika upanga wetu mrefu yako mapigo makuu matano, na hilo ndilo la hila kuliko yote: jicho linatazama huku, upanga unashukia kule. Lakini hayo nayajua leo. Wakati ule hatukujua, kwa sababu kila mwanafunzi wa Ortlieb huapa, mkono juu ya msalaba wa upanga, kwamba mapigo hayo hatayataja nje ya ua, hata kwa mkewe. Mimi niliporudi kutoka chuo kikuu cha Leipzig nilijiunga nao. Nilifundishwa kusimama na kupiga hatua, kisha nikaambiwa niape. Nikakataa. Nilimwambia Ortlieb mbele ya watu wake kwamba kumficha mtu ujuzi ni kumwibia. Akanionyesha mlango. Sijabadili neno langu, na yaliyompata dada yangu yamenipa haki ya kulirudia.

Kunigunda ndiye anayekung'uta manyoya nyumbani kwao. Huyatandika kwenye benchi, hushika fimbo kwa mikono miwili, na vumbi likipanda watoto wa jirani hukimbia. Mikono yake ni ya mwashi. Hakuwahi kumwonea mumewe wivu. Alikuwa akisema Seifried hana hata muda wa kumtazama paka. Sasa akaanza kumnusa kola. Akawa anakwenda bafu la mji siku ambazo si zake, anakaa kwenye mvuke, anakagua nyuso. Mwishowe akamkuta Walpurga, binti wa mwoka mikate, mwenye macho yasiyokutana.

Mimi nilikuwa naye dukani siku aliyomkabili. Alisimama mbele ya meza ya mikate, hanunui, haondoki.

"Unaniangalia nini, mama?" Walpurga akauliza.

"Naangalia unakoangalia."

"Ukipajua unijulishe, maana hata mimi sipajui."

Watu wakacheka. Kunigunda hakucheka. Njiani akaniambia, "Umemsikia? Ana ulimi. Wanaume wanapenda wenye ulimi."

"Dada, Seifried hajui hata kununua mkate."

"Mbona jana kanunua?"

Jumamosi, tukiwa mezani na supu ya dengu, akamuuliza waziwazi. "Makengeza ni nani?"

Kijiko kilimdondoka Seifried. Badala ya kushangaa kama mtu asiye na hatia, akageuka mweupe. "Nani kakutajia jina hilo?"

"Kumbe ni jina!"

"Mke wangu, siwezi kulisema. Nimeapa."

"Umemwapia yeye?"

"Nimeapa juu ya msalaba."

"Na kiapo mmekula!" Dada akainuka. "Sikia, mdogo wangu, kiapo wamekula! Mimi mwenyewe alinioa kwa kigugumizi, padri akamsaidia maneno!"

Nilimsihi shemeji aseme, chochote kile. Akanijibu bila kuniangalia. Mwezi wa Septemba Ortlieb alikuwa ampeleke Frankfurt kwenye maonyesho, ajaribiwe na mabwana wa upanga, arudi akiwa bwana wa upanga kama wao. Alikuwa amelingoja jambo hilo tangu ujana. Neno moja, na safari imekufa.

"Basi nenda Frankfurt," Kunigunda akasema. "Mimi nakwenda Schwabach kwa baba." Akavuta sanduku lake na kuanza kutia nguo.

Asubuhi yake, baada ya misa, hakwenda Schwabach. Alikwenda kwenye ua wa Ortlieb, fimbo ya manyoya mkononi, na mimi nyuma yake. Wanafunzi walikuwa wamesimama wawili wawili na panga butu. Alipita katikati yao hadi kwa mumewe.

"Mama, hapa hawaingii wanawake," Ortlieb alisema.

"Mmoja ameshaingia, Makengeza wenu. Namtaka nje."

Seifried alimtazama mwalimu wake, kisha mkewe. Akainua upanga. "Nipige," akamwambia. "Kama unavyopiga manyoya."

"Seifried!" Ortlieb akapaaza sauti. "Kiapo!"

Dada alipiga. Alipiga kwa hasira yote ya majira yale ya joto, kutoka juu, na ningeapa macho ya Seifried yalikuwa kwenye miguu ya dada. Vifundo vya mikono ya Seifried vikageuka, makali ya nyuma ya upanga yakaisukuma fimbo kando, na ncha ikatua juu ya bega la Kunigunda, nyepesi kama mkono wa mtu anayemwamsha mtoto.

"Huyu ndiye Makengeza," Seifried akasema. "Ni pigo. Hakuna mwingine."

Ortlieb alikuja polepole. "Frankfurt hutakwenda," alisema. "Lete upanga."

Kunigunda hakuwa akiangalia bega lake. Alikuwa akiangalia uso wa mumewe, ambao bado uling'aa, na akaanza kulia. "Uso huo," alisema, "hujawahi kuuleta nyumbani."

Seifried akauachia mpini. Ortlieb akanyoosha mkono kuuchukua upanga, lakini dada yangu alikuwa ameukamata kwa mikono yote miwili palepale begani, na hakuuachia.

"Mama, lete."

"Subiri, mwalimu. Nimemtafuta huyu mji mzima. Acha kwanza nimtazame."