Mguu wa Mchezesha Vivuli

Mzee kutoka Java, mchezesha vivuli vya sanamu za ngozi, hajashika sanamu tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia. Maman Euphrasie, anayemhudumia nyumbani kwa mzee, mtaa wa Koekelberg, humsikia kila asubuhi akigonga ubao wa kitanda kwa vidole vya mguu, ko-ko-ko. "Bon, papa, ni maji tena?" humuuliza, na mzee huyanywa kwa adabu. Leo Maman, akifagia uvunguni, aliokota nyundo ndogo ya mti. Mzee akainyooshea mguu, si mkono. Akaibana kwa vidole, akagonga sanduku la sanamu lililokuwa kando ya kitanda, ko-ko-ko ileile, kama alivyowaashiria wapiga ngoma wake enzi za maonyesho, kisha mkono wa kushoto ukainua sanamu ya mfalme mbele ya taa. Kivuli kikasimama ukutani. "Acha maji, maman," alisema. "Kaa utazame."