Nilimgawia mkwe wangu dawa yangu ya vidonda vya tumbo, nusura nimuangamize mjukuu

Wakuu, amani iwe kwenu. Vijana wa humu, marahaba kabla hamjanisalimia.

Mimi ni mzee wa kanisa, nalima Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Ninayoandika ni kweli tupu, Mungu ananiona, na sehemu kubwa inaniaibisha. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilianza na magoti. Kwa miaka kama minne nilikuwa nanunua diclofenac za maumivu dukani na kumeza kila nikitoka shambani, mara nyingi tumbo tupu. Hata siku za mfungo nilimeza, nikijiambia kidonge si chakula.

Magoti yalitulia, tumbo likaharibika. Kifua kikawa kinawaka, kisha choo kikawa cheusi kama lami. Nilipomwambia mke wangu, hakubishana nami. Alifunga mizigo, tukaenda Mwanza.

Kipimo cha kamera kilionyesha vidonda tumboni na mwanzoni mwa utumbo. Daktari akanikataza zile diclofenac za kujinunulia, akaniandikia dawa za kufuata kwa utaratibu. Mojawapo inaitwa misoprostol.

Dirishani, binti mfamasia alinieleza kwa upole: meza pamoja na chakula, usiruke dozi, usiache kwa kuwa umepata nafuu, na usishangae ukiharisha siku za mwanzo.

Kisha akauliza, "Babu, nyumbani kuna mwanamke anayeweza kushika mimba?"

"Mke wangu? Huyo alishafunga duka zamani, binti yangu."

Foleni nzima ikacheka. Yeye alicheka pia, halafu akasema, "Basi dawa hii ni yako peke yako. Usimgawie mtu, na mwanamke ndiyo kabisa."

Nikaitikia. Lakini kuitikia na kusikia ni vitu viwili. Nilidhani ananionya nisije nikapungukiwa kwa sababu ya ukarimu.

(Nyongeza kidogo: wiki ya kwanza nilijiongezea dawa ya maji ya kutuliza asidi, yenye magnesium, bila kuuliza mtu. Niliharisha hadi nikashindwa kwenda ibadani. Nilipopiga simu hospitali niliambiwa hizo mbili haziendi pamoja. Onyo la kwanza hilo, wala sikujifunza.)

Namshukuru Mungu, nilipata nafuu. Nikaanza tena kula maharage, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Consolata (si jina lake halisi) ni mke wa mwanangu wa pili. Wazazi wake walikuja na wimbi la wakimbizi kutoka Burundi, wakabaki huku wakilima. Binti mtulivu, mchapakazi. Mume wake ni dereva wa lori, wakati huo alikuwa safarini. Mke wangu naye alikuwa Ngara akimuuguza dada yake. Nyumbani tulibaki mimi na mkwe.

Wasio wa huku waelewe: kwetu baba mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Habari ya mimba haitamkwi mbele yangu. Anaambiwa mama mkwe, naye ananiambia kwa wakati wake, mara nyingi tumbo likiwa limeshajitangaza lenyewe.

Nikaona Consolata anaacha chakula. Anatema mate. Anashika kifua. Nikasema moyoni, hizi ni dalili zangu zilezile!

Jumapili baada ya ibada nikamuuliza, "Mwanangu, tumbo linawaka?"

Akainamisha macho. "Linawaka kidogo, baba."

Nikaingia ndani, nikakata vidonge vinne vya misoprostol. Wakuu, niliviombea. Nilivishika mkononi nikamwomba Mungu avitie baraka, halafu nikampa. "Meza na chakula, asubuhi na jioni. Mimi vimeniponya."

Akapokea kwa mikono miwili, amepiga goti. "Asante, baba."

Nikalala nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Jumatatu mchana nilikuwa naanika mihogo, simu ikaita. Mke wangu. Hakunisalimu.

"Umempa nini mtoto wa watu?"

"Dawa. Ile yangu ya vidonda."

"Yule ni mjamzito, wewe mzee! Anatokwa damu, yuko chumbani analia!"

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie wewe? Baba mkwe wake? Tafuta pikipiki, usiniulize maswali!"

Niliacha mihogo palepale. Consolata alikuwa nyuma ya ukuta wangu, hatua kumi tu, anavuja damu, na alimpigia mtu aliye Ngara kwa sababu mimi hakuweza kuniita.

Jirani yangu, mama mmoja jasiri, alipanda naye pikipiki hadi hospitalini Biharamulo. Mimi nikafuata kwa pikipiki nyingine, boksi la dawa mfukoni. Njia nzima sikuweza kusali. Nilisema tu, "Bwana, Bwana," basi.

Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, alilitazama boksi. Kisha akaligeuza, akaniwekea kidole kwenye mchoro mdogo: mwanamke mwenye tumbo, amepigwa mstari.

"Mzee, dawa hii inatibu tumbo lako vizuri. Ila kwa mjamzito inakaza mji wa mimba. Inaweza kuitoa."

Nilikuwa na boksi lile nyumbani kwa wiki nyingi. Sikuwahi kuligeuza upande ule.

Alikuwa amemeza viwili. Mimba ilikuwa ya miezi mitatu.

Walimpima kwa ultrasaundi. Nilikaa kwenye benchi nje, nikiwaza nitamwambia nini mwanangu. Jirani akatoka, akasema, "Mzee, moyo wa mtoto unapiga."

Nililia mbele za watu bila kujali.

Lakini daktari hakunificha. Alisema damu ikikata bado tusishangilie, kwa sababu dawa hii inaweza kumdhuru mtoto hata mimba ikibaki. Afuatiliwe kliniki kwa karibu, na yaliyotokea yaandikwe kwenye kadi yake, tusifiche kwa aibu.

Damu ilikata siku ya tatu.

Mke wangu na mwanangu waliporudi, niliwaketisha wote, nikamwomba Consolata msamaha. Mzee kumwomba mkwe msamaha si kawaida kwetu, lakini ningefanyaje?

Akasema huku anatazama sakafu, "Baba, nilidhani mama ameshakuambia, nikajua dawa ni ya kichefuchefu cha mimba. Nikaona kuuliza ni kukosa adabu."

Mke wangu akadakia, "Kuanzia leo adabu hiyo ikae nje. Na wewe, dawa zako nazifungia kabatini kama sukari."

Tukacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Ninachowaomba, wakuu: dawa ya vidonda vya tumbo iliyoandikwa kwa jina lako ni ya mwili wako. Dalili zikifanana, ugonjwa unaweza kuwa mwingine, au isiwe ugonjwa kabisa. Anayelalamika tumbo mpeleke akapimwe. Mfamasia akikuuliza swali, jibu kwa habari ya nyumba nzima, si ya mkeo peke yake. Na maombi yangu hayakubadilisha kilichomo ndani ya kidonge. Mungu alikuwa ameshanionya kupitia kinywa cha yule binti wa dirishani.

Mimba sasa ina miezi sita. Vipimo hadi leo ni vizuri, ila bado tunangoja kwa uvumilivu na hofu.

Juzi nilikuwa shambani simu ikaita. Consolata. Hajawahi kunipigia tangu aolewe. Nikapokea nikijua yamerudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu. Mtoto amecheza. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Madaktari na wauguzi wa humu, nisahihisheni nilipokosea. Na ninyi wengine, kwenu mkwe anaweza kumwambia baba mkwe kwamba ni mjamzito? Nawasoma.